Nyuma ya Picha

Katika hitima yako msemaji wa kwanza alikosea mwaka.
Alisema ulizaliwa mwaka wa nzige.
Nikageuka upesi kukitazama kidole chako,
kile chenye doa la wino wa mihuri ya ofisi za jiji,
kikiinuka katikati ya mkeka:
"Nani kakwambia? Naye aliambiwa na nani?"
Hakikuinuka.
Mwaka wa uongo ukapita, ukaketi miongoni mwetu,
ukapewa kahawa.

Bi Bakhita,
wengine waliandika magavana na reli,
bendera iliyoshuka na iliyopanda.
Wewe uliandika bomba la maji la barabara ya Digo:
nani alipanga foleni, nani alimpisha nani,
debe lilikuwa senti ngapi,
na siku lilipokauka kina mama walisema nini,
neno kwa neno, hata tusi lile.

Tulipima nyumba ya Mariamu Gathoni
kwa utepe wa fundi cherehani,
tingatinga likinguruma nje, likingoja saa nne.
Vyumba sita, ukumbi mmoja, fito na udongo,
paa la madebe ya mafuta yaliyonyooshwa kwa nyundo.
"Andika na masizi," ulisema.
"Masizi?"
"Ya ukuta wa jikoni. Pima upana wake.
Hiyo ni miaka arobaini ya watu kula."
Nikaandika. Saa nne na robo hapakuwa na ukuta.
Palikuwa na vumbi, na kijitabu changu,
na wewe ukipangusa miwani kwa ncha ya leso,
ukinung'unika
kwamba nimesahau dirisha la nyuma.

Hukuwa mpole, tusidanganyane.
Makala yangu ya kwanza uliirudisha mara tatu.
"Unaandika kama unayemlilia mtu," ulisema.
"Andika kama unayemtafuta."

Jina la Shauri Moyo ulilipenda kwa hasira.
"Shauri la moyo. Moyo wa nani?"
Ukamuuliza kila aliyevuka miaka sabini,
ukapata majibu kumi na saba,
ukayatia yote katika bahasha moja.
Hukuchagua.
"Yakae pamoja," ulisema, "yazoeane."

Akaja bwana mmoja mwenye hoteli kule Westlands,
akitaka picha za kale za kupambia baa.
Alikuwa na bahasha nene, na haraka.
Ukamwekea moja mezani, ya harusi, watu kumi.
"Itazame vizuri. Ukiweza kunitajia hata watatu, ichukue bure."
Akacheka. Hukucheka.
Alipokwenda ukaigeuza, ukanisomea wote kumi,
na wa kumi na moja
aliyekuwa tumboni mwa bibi harusi.

Sasa viboksi vya viatu vya Bata, arobaini na vitatu,
vimejaa chumbani kwangu mpaka mlango haufunguki wote.
Wiki nzima nimetafuta sura yako.
Haimo. Daima ulikuwa upande wa pili wa kamera.
Ila hii:
watoto wa Kaloleni mbele ya maktaba,
jua la jioni liko mgongoni mwa mpiga picha,
na kivuli kirefu kimewafikia miguuni,
utepe ukining'inia shingoni.

Nimeigeuza.
Umeandika majina ya watoto wote tisa,
na yule aliyefumba macho, na kwa nini alifumba.
Kivuli hukukitaja.

Basi nimechonga penseli
(wino ulikataza, wino hauombi radhi)
na chini ya jina la tisa nimeandika:

Kivuli: Bakhita binti Rehan, wa Kibra, kisha Pumwani.
Mwaka wa kuzaliwa: haujathibitishwa.
Mtoa habari: mimi, niliyembebea ngazi.
Dirisha la nyuma: bado nalitafuta.